Kinga haijashuka, imekosa breki

Mama mmoja aliingia duka la dawa ninakofanya kazi, Arua, akachukua chupa tatu za kuongeza kinga. Mwanawe aliyekuja naye alikuwa ameifunga suruali kwa kamba. Miezi mitano anaharisha damu. "Mwanangu, kinga imemwisha huyu," akaniambia.

Dhana: anayeharisha na kukonda, kinga yake imeshuka.

Uganda tunajua wazo hili lilikotoka. Mwaka 1985 madaktari waliandika kuhusu ugonjwa mpya ulioonekana Rakai, ambao watu waliuita siliimu kwa sababu ya kukondesha. Ulikuwa Ukimwi. Tangu hapo, ukikonda tu, mtaa umeshakupima kwa macho.

Ila kuna magonjwa ya utumbo, Crohn na kolitisi ya vidonda, ambayo mambo yake ni kinyume. Ukuta wa utumbo umejaa seli za kinga, zinamwaga kemikali za vita kama TNF, na pale panavimba, panawaka, panatoka vidonda. Huo ndio mchochota. Kumpa mtu huyu cha "kuamsha kinga" ni kupepea moto. (Afadhali chupa zenyewe mara nyingi ni sukari na rangi.)

Dhana: kazi ya kinga ni kupigana, basi.

Kama ingekuwa hivyo, hakuna ambaye angemaliza wiki salama. Utumboni mna bakteria kwa matrilioni, pamoja na chakula cha kila namna, na kinga inatakiwa kuvumilia karibu vyote. Wanaoituliza ni seli T za udhibiti. Mjapani Shimon Sakaguchi alizitambua mwaka 1995. Wamarekani Mary Brunkow na Fred Ramsdell wakapata jeni inayozitawala, FOXP3, na wote watatu wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2025. Mtoto wa kiume anayezaliwa na FOXP3 mbovu huanza kuharisha vibaya angali mchanga.

Seli hizi hazipigi kelele. Hufyonza IL-2, kemikali ya mawasiliano ambayo seli za vita huihitaji ili ziongezeke, na hutoa nyingine, IL-10, ambayo huziambia makrofaji, yaani seli walaji wa vijidudu, zimeze bakteria bila kuita wenzao. Panya waliokosa IL-10 walipata kolitisi, lakini wakilelewa pasipo bakteria hata mmoja, hawaugui. Kwa hiyo hata ile kauli ya kawaida kwamba katika magonjwa haya mwili unajishambulia naisema kwa tahadhari: sehemu kubwa ya ugomvi ni kati ya kinga na bakteria wakazi, na ukuta wa utumbo ndio nyasi zinazoumia.

Cha kushangaza, kwa wagonjwa wengi seli hizi za udhibiti zimo, tena nyingi, palepale penye vidonda. Seli za vita ndizo zimeacha kuzisikiliza.

Dhana: kalo (ugali wa ulezi) na maharage vitamaliza kazi.

Bakteria wakichachusha nyuzinyuzi za vyakula hivyo hutoa kemikali iitwayo buterati, na kwa panya buterati huongeza seli za udhibiti. Ni chakula kizuri, si dawa. Utumbo uliobanwa na makovu unaweza hata kuziba kwa nyuzi ngumu.

Dhana: kama kinga imezidi, ishushwe leo.

Hii ndiyo inayonitisha zaidi, maana prednisoloni, dawa ya steroidi inayoshusha kinga, ni ya bei rahisi. Amiba huleta damu chooni sawasawa na kolitisi, na steroidi juu ya amiba inaweza kutoboa utumbo. Kifua kikuu cha tumbo hukaa mwisho wa utumbo mwembamba, makazi yaleyale ya Crohn, hata daktari mwenye kamera huchanganyikiwa. Tena TNF hiyohiyo inayochoma utumbo ndiyo inayowafungia vijidudu vya kifua kikuu wasitawanyike. Ndiyo maana kabla ya infliksimabu, dawa inayoizuia, mgonjwa hupimwa kifua kikuu kwanza.

Chupa zilirudi rafuni. Mama akatoa mkobani pakiti ya prednisoloni aliyopewa na jirani, akaniuliza, "Na hizi?" Nikamsihi asimpe hata kimoja mpaka majibu ya choo, VVU na kifua kikuu yatoke, na daktari amwone kijana.