Astrosaiti si gundi ya ubongo
Daktari Mjerumani Rudolf Virchow ndiye aliyeziita seli saidizi za ubongo, astrosaiti zikiwemo, "gundi" ya neva, katika miaka ya 1850, na mpaka leo wengi hudhani seli hizo zipo tu kuzishikilia neva zisitawanyike. Jina tamu, lakini linapotosha.

Itazame astrosaiti moja kwa karibu. Ina umbo la nyota, na baadhi ya mikono yake huishia kwenye mshipa wa damu kwa nyayo bapa zinazoufunika karibu wote. Kwenye nyayo hizo imerundikana akwaporini-4, protini inayopitisha maji. Jeni yake imo hata katika seli za ngozi yako. Tofauti ni kiasi gani seli imeiwasha. Astrosaiti imeiwasha mno. Tena nakala za RNA, yaani ujumbe wa jeni unaoelekeza utengenezaji wa protini, husafirishwa hadi kwenye nyayo, na protini hutengenezwa papo hapo, mbali na kiini. Gundi gani hufanya hivyo?

Jirani yake, perisaiti, seli inayokumbatia mishipa midogo ya damu, ana jeni zake alizowasha, mojawapo PDGFRB. Panya wakipungukiwa perisaiti, kizuizi cha damu na ubongo, yaani ukuta wa mishipa unaochuja kinachoingia ubongoni, huvuja, na akwaporini-4 kwenye nyayo za astrosaiti hupoteza mpangilio wake.