Lal Salam ya 1990 na wakomunisti wa Kerala: yanayosemwa na yaliyotokea

"Lal Salam si ndiyo ile ya Rajinikanth?"

Hapana. Ile ilitoka 2024, ni ya Kitamil, na kisa chake ni kriketi na uhasama wa kidini. Filamu ya wakomunisti wa mwanzo wa Kerala, jimbo la kusini mwa India, ni ya Kimalayalam, ya mwaka 1990. Aliyeiongoza ni Venu Nagavally, hadithi ni ya Cherian Kalpakavadi, na waigizaji wakuu ni Mohanlal, Murali na Geetha. Ukiitafuta, andika mwaka na jina la mwongozaji pamoja na jina la filamu, la sivyo utaletewa ile nyingine.

"Ni historia tupu, majina tu ndiyo yamebadilishwa."

Ni kweli kwamba wahusika watatu wametolewa kwa viongozi halisi wa wakomunisti hao. Stephen anayeigizwa na Mohanlal anatokana na Varghese Vaidyan, Antony wa Murali anatokana na T. V. Thomas, na Sethulakshmi wa Geetha anatokana na K. R. Gouri Amma. Lakini mwenye hadithi, Cherian Kalpakavadi, ni mtoto wa Varghese Vaidyan. Itazame ukilijua hilo, na utaelewa kwa nini uzito wa filamu umeelemea kwa Stephen, ilhali kwenye kumbukumbu za serikali na za bunge la jimbo wanaojaa kurasa ni wale wawili wengine. Hilo haliifanyi filamu kuwa ya uongo. Ni mambo yanayoonekana kutoka ndani ya nyumba moja.

"Chama cha Kikomunisti ndicho kilichowaamsha wafanyakazi."

Tarehe zinasema kinyume. Chama cha wafanyakazi cha Travancore, dola ya kifalme ambayo sehemu yake kubwa sasa imo Kerala, kiliundwa katika mji wa Alappuzha mwaka 1922. Tawi la Chama cha Kikomunisti katika Kerala liliundwa karibu na Pinarayi mwishoni mwa 1939. Miaka 17 imepita katikati, na mwaka 1938 viwanda vya Alappuzha vilikuwa vimeshagoma.

Sababu ni usumba. Makumbi ya nazi huvundikwa majini kwa miezi kadhaa mpaka yalainike, yapondwe, nyuzi zisokotwe, kisha zifumwe mikeka na mazulia. Wanawake wa Unguja na Pemba wanaozika makumbi kwenye tope la pwani wanaijua kazi hiyo hadi harufu yake. Tofauti ni kwamba Alappuzha ufumaji ulikusanywa viwandani, watu wengi chini ya paa moja, wakilipwa na tajiri mmoja. Malalamiko yao yalikuwa ya pamoja, na mgomo uliwezekana. Wakomunisti walipofika walikuta jiko limeshawashwa.

"Maasi ya Punnapra na Vayalar yalikuwa vita dhidi ya Waingereza."

Travancore haikutawaliwa moja kwa moja na Waingereza. Ilikuwa na maharaja wake, na madaraka yalikuwa mikononi mwa waziri mkuu wake, C. P. Ramaswami Iyer. Mwaka 1946 alipendekeza katiba ambayo ingeruhusu watu wazima wote kupiga kura, lakini serikali ingebaki chini ya waziri mkuu asiyeweza kuondolewa na wabunge. Wafanyakazi wa Alappuzha waliikataa. Tarehe 24 Oktoba walishambulia kambi ya polisi Punnapra. Siku iliyofuata ikatangazwa sheria ya kijeshi, na tarehe 27 jeshi likawamiminia risasi watu waliokusanyika Vayalar. Wengi wao walikuwa na mikuki iliyochongwa kutoka vigogo vya mipopoo, basi. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo, kuanzia mamia hadi maelfu, kwa hiyo ukiona takwimu moja imeandikwa kwa uhakika, itilie shaka.

"Kerala ilikuwa ya kwanza duniani kuwachagua wakomunisti."

Dai hili hurudiwa hata na watu makini. San Marino iliichagua serikali ya muungano wa wakomunisti na wasoshalisti mwaka 1945. La Kerala ni kubwa bila kuongezwa chumvi: mwaka 1957 wakomunisti walipata viti 60 kati ya 126, wakaungwa mkono na wabunge huru 5, na tarehe 5 Aprili E. M. S. Namboodiripad akaapishwa kuwa waziri kiongozi. Baraza lilikuwa na mawaziri 11. Gouri Amma alipewa mapato na ardhi, T. V. Thomas kazi na uchukuzi. Mwaka huohuo wawili hao walioana.

"Wananchi waliwachoka, wakawaondoa kwa kura."

Serikali haikuangushwa na kura. Ilifutwa tarehe 31 Julai 1959 na Rais wa India kwa kifungu cha 356 cha katiba, kwa ushauri wa serikali ya waziri mkuu Nehru, baada ya wiki kadhaa za maandamano yaliyoongozwa na Kanisa, chama cha Wanair (tabaka moja la Wahindu) na wapinzani wengine waliokasirishwa na sheria ya elimu na ile ya ardhi. Katika uchaguzi wa 1960 wapinzani waliungana, na wakomunisti wakabaki na viti 29. Lakini kura zao zilipanda, kutoka takriban asilimia 35 hadi 39. Walishindwa kwa hesabu ya majimbo ya uchaguzi.

"Ndoa ilivunjwa na siasa peke yake."

Chama kilipogawanyika 1964, Thomas alibaki CPI, yaani Chama cha Kikomunisti cha India, na Gouri Amma akaenda CPI(M), chama kipya cha waliojitenga. Hata hivyo mwaka 1967 wote wawili walikuwa mawaziri katika serikali moja. Kilichotokea baina yao nyumbani si cha kuamuliwa kwa kutazama filamu.

"Ardhi iligawiwa mwaka 1957."

Hapa ndipo filamu yoyote hulemewa, na hapa ndipo kazi ya Gouri Amma inapostahili kutazamwa kwa makini kuliko mapenzi yake. Kilichofanyika Aprili 1957, kabla serikali haijamaliza wiki moja, ni amri ya kusimamisha kuwafukuza wapangaji. Bila hiyo wenye ardhi wangewatimua watu kabla sheria haijaandikwa. Sheria yenyewe ilipita bungeni Juni 1959, serikali ikafutwa mwezi uliofuata. Ikaja sheria nyingine ya 1963, ikarekebishwa 1969, na umwinyi wa ardhi ukakoma rasmi tarehe 1 Januari 1970.

Kikomo kiliwekwa ekari sanifu (kipimo kinachobadilika kulingana na ubora wa ardhi) 5 kwa mtu asiye na familia na 10 kwa familia ya watu 2 hadi 5. Aliyejenga kibanda kwenye shamba la mwingine alipata haki ya kununua senti 10 za ardhi kijijini, au senti 5 katika manispaa. Senti ni sehemu moja ya mia ya ekari, kwa hiyo senti 10 ni kama mita za mraba 405: pa nyumba na minazi michache. Mashamba makubwa ya chai, kahawa, mpira na iliki yaliachwa nje ya kikomo. Mpangaji aliyekuwa akilima akawa mwenye shamba, lakini kibarua, ambaye mara nyingi alikuwa Mdaliti, yaani mtu wa matabaka ya chini kabisa yaliyotengwa, aliishia na kiwanja tu, kwa sababu sheria ilitambua aliyekodi ardhi na si aliyeilima kwa ujira.