Vifaa vya Zamani vya Mashua Kwenye Plota Mpya: Yanayosemwa na Yalivyo

Mashua za tanga ziko Kilifi, Mtwapa na Ziwa Naivasha, lakini wenyewe si wachache wanaoishi Nairobi. Ndiyo maana kipima upepo kikizingua hufungwa kwenye boksi, kikapakiwa kwenye basi la usiku na kuishia mezani kwa fundi wa Luthuli Avenue, ambaye kazi yake ya kila siku ni amplifaya na redio za gari. Mkono wa fundi huyo hauna shida. Kinachomponza ni maneno anayoletewa pamoja na boksi.

“Nimenunua plota mpya ya chati, kwa hiyo hivi vya zamani ni vyuma chakavu.” Mara nyingi si kweli. Plota ni skrini ya ramani ya majini inayopokea namba kutoka kwa vifaa vingine. Kanuni ya mawasiliano ya NMEA 0183 ilitolewa mwaka 1983 na chama cha Marekani cha vifaa vya elektroniki vya baharini, na plota nyingi bado zina mlango wake. Baadhi ya plota mpya zimeuondoa, ila hata hizo hufikiwa kupitia konveta, kijisanduku cha kutafsiri data kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine. Kipima kina cha miaka ya 1990 kinachosoma sawasawa hakina sababu ya kutupwa. Cha kutupwa, au cha kubaki peke yake ukutani, ni kile kisichokuwa na waya wowote wa kutoa data, chenye mshale na uso tu. Hicho hata konveta haina cha kukisikiliza.

“NMEA ni NMEA, unga waya kwa waya.” Hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea. NMEA 0183 hutuma maandishi ya kawaida kwa biti 4,800 kwa sekunde. Kila sentensi ya vipimo huanza na alama ya dola, zikafuata herufi mbili za anayesema (SD ni kipima kina, GP ni GPS), herufi tatu za aina ya habari, namba zilizotengwa kwa mkato, na mwishoni nyota yenye tarakimu mbili za kuhakiki. Sentensi nzima haizidi herufi 82, na mtu anaweza kuisoma kwa macho kwenye kompyuta.

NMEA 2000 ni kitu kingine kabisa. Imejengwa juu ya CAN, mfumo uleule ulio ndani ya magari, kwa hiyo fundi wa umeme wa gari kule Grogan anaweza kuielewa haraka kuliko fundi wa redio. Inakwenda kwa biti 250,000 kwa sekunde, na haibebi sentensi bali vifurushi vyenye namba maalumu. Jina moja, umeme tofauti, lugha tofauti.

Halafu kuna SeaTalk ya zamani, mfumo wa data wa kampuni ya Autohelm na baadaye Raymarine, ambayo bado imejaa kwenye mashua za pwani. Ina waya mwekundu wa volti 12, waya wa njano wa data na ngao ya hasi. Kasi yake nayo ni biti 4,800, na hilo huwadanganya wengi wadhani ni NMEA 0183. Lakini SeaTalk huongeza biti ya tisa kuonyesha mahali amri inapoanzia, na data yake hupanda na kushuka kwenye volti 12. Ukiuchomeka waya wa njano kwenye mlango wa NMEA 0183 utapata takataka, na si ajabu ukaunguza mlango wenyewe. Tafuta konveta ya SeaTalk hasa.

“Mlango ni mmoja, basi nitaunga GPS na kipima kina pamoja.” NMEA 0183 ni kama baraza lenye msemaji mmoja: wasikilizaji wanaweza kuwa wengi, ila wakisema wawili kwa pamoja hakuna anayesikika. Kuunganisha nyaya mbili za kutuma hakuzichanganyi sentensi, kunaziharibu. Unahitaji maltipleksa, kijisanduku kinachosubiri kila sentensi iishe ndipo kiruhusu nyingine. AIS, kifaa kinachoonyesha meli zilizo karibu kwa redio, ina lake pia: hutumia biti 38,400, na mlango uliowekwa 4,800 hauisikii kabisa. Nimeona AIS nzima ikihukumiwa kuwa mbovu kwa sababu ya mpangilio huo mmoja kwenye menyu.

Kuhusu rangi za nyaya, maneno ni machache: kwenye NMEA 0183 hazina maana ya pamoja. Kila mtengenezaji alijichagulia zake, kwa hiyo soma kitabu cha kifaa. Jambo la kuangalia zaidi ni aina ya umeme. Toleo la 2.0 la mwaka 1992 lilileta nyaya mbili za kutuma, A na B, wakati vifaa vya kabla yake vilitumia waya mmoja wa data na hasi. Cha zamani kikisema na plota mpya, kwa kawaida data huingia A na hasi huingia B. Kinyume chake, plota mpya ikisema na kifaa cha zamani, chukua A, unganisha hasi kwa hasi, na B iache imefungwa tepu ikiwa haijaguswa na kitu. Watu hupenda kuizika B kwenye hasi “ili isining’inie”, wakaiua sehemu ya kutuma data.

“NMEA 2000 ni rahisi, popote unapochomeka inafanya kazi.” Itafanya kazi bandarini, ikukatikie nje ya mwamba. Mtandao huo unataka waya mkuu mmoja, vifaa vikitoka kwa viungo vya T, kila tawi lisizidi mita 6. Kila mwisho wa waya mkuu uwe na kizuizi cha omu 120, viwili tu, si kimoja wala vitatu. Zima umeme, weka mita kati ya waya mweupe na wa buluu: inatakiwa isome karibu omu 60. Ikisoma 120, kizuizi kimoja hakipo. Ikisoma 40, kuna mtu ameongeza cha tatu. Ni kipimo cha dakika moja, na mimi ningekikataa kifaa chochote “kibovu” mezani hadi niambiwe mita ilisoma ngapi kule kwenye mashua.

“Konveta itatafsiri kila kitu.” Hutafsiri yale iliyofundishwa: kina, mwendo, upepo, uelekeo. Kengele za tahadhari, marekebisho ya usahihi na amri za usukani wa otomatiki mara nyingi hubaki upande wa zamani. Tena, gurudumu la kipima mwendo lililoota magamba litatafsiriwa kama mashua iliyosimama. Hili linaharibu hata upepo. Kifaa cha juu ya mlingoti hupima upepo unavyoifikia mashua inayokwenda. Upepo halisi hukokotolewa kwa kuondoa mwendo wa mashua majini. Mwendo huo ukikosekana, baadhi ya plota hutumia mwendo wa GPS, ambao una mkondo wa maji ndani yake. Maji yakitoka kwa nguvu mlangoni pa Kilifi, namba za mwendo wa majini na wa GPS haziwezi kulingana, na hakuna waya wa kulaumiwa.

“Nairobi hakuna bahari, huwezi kujaribu kitu.” Unaweza karibu vyote. Chukua adapta ya USB inayokubali RS-422 (umeme ule wa nyaya mbili, A na B), weka kompyuta kwenye 4,800, na usome sentensi zinavyopita. GPS iweke dirishani. Kipima upepo kizungushe kwa mkono, na gurudumu la mwendo lisukume kwa kidole, uone namba zikipanda. Kipima kina pekee ndicho kitakachokusumbua: sauti yake imetengenezwa kwa ajili ya maji, hivyo kikiwa mezani kitaonyesha vistari au namba za ovyo hata kikiwa kizima. Kisipotuma sentensi yoyote, fuatilia umeme na waya wa data kwanza. Kikituma sentensi isiyo na kipimo, kirudishe pwani kijaribiwe majini.