Difu iwe katikati: katikati ya nini?

Wiki hii imekuwa mara ya nne. Mtu ananitumia picha ya hausingi ya ekseli ya nyuma, lile ganda la chuma lenye difu na paipu mbili za pembeni, aliyoipunguza mwenyewe ili iingie chini ya gari lake la zamani. Paipu zimechomelewa vizuri, rangi nyeusi imeshapigwa, na chini ya picha kuna ujumbe: "Fundi, nimekata sawasawa huku na huku, difu iko katikati kabisa, sasa mbona propela inatetema?"

Namjibu kwa swali moja. Katikati ya nini? Hapo ndipo simu inaponyamaza.

Tuingie ndani ya difu, zile gia zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu, maana huko ndiko imani hii, kwamba difu lazima ikae katikati, inakofia. Pinioni, gia inayozungushwa na propela (fito ndefu inayotoka kwenye giaboksi), inaisukuma kraunwili, ile gia kubwa ya duara, kwa ubavu, kwa hiyo kraunwili lazima ikae upande mmoja wa pinioni, kushoto au kulia. Gia ndogo za pembeni, zile zinazoshika meno ya shafti za magurudumu, zimo kwenye boksi lililofungwa kwa bolti pamoja na kraunwili. Matokeo yake, kati ya gia hizo na mstari wa pinioni kuna tofauti. Ukitaka shafti mbili za urefu mmoja, pinioni itakuwa imehama kidogo. Ukitaka pinioni iwe katikati ya magurudumu, shafti moja itakuwa fupi kuliko mwenzake. Vyote viwili hupati, hata ukate kwa msumeno wa dhahabu.

Halafu hili la kukata sawasawa. Kama kiwandani difu ilisogezwa pembeni, ukitoa inchi 2 kila upande umebaki na usogevu uleule, ila sasa uko kwenye ekseli fupi. Ekseli ya Ford ya inchi 8.8 (kipimo cha kraunwili) iliyokuwa chini ya Ford Explorer ni mfano mzuri. Pinioni yake imesogea kulia, na paipu ya kushoto ni ndefu. Ndiyo maana mafundi wengi hukata paipu ya kushoto peke yake, karibu inchi 3, wakatafuta shafti nyingine ya kulia kutoka ekseli ya aina hiyohiyo na kuichomeka kushoto. Hakuna kukereza shafti wala kuagiza mpya. Pinioni inafika karibu na katikati. Karibu tu, na gari linakwenda bila taabu.

Linakwenda kwa sababu krosi, ile jointi inayojikunja kwenye kila ncha ya propela, haijui katikati ni wapi. Krosi inajua pembe.

Krosi ikifanya kazi kwa pembe, propela haizunguki kwa mwendo mmoja. Katika kila mzunguko inaharakisha mara mbili na kuzubaa mara mbili, hata kama giaboksi yenyewe inazunguka bila kuyumba. Krosi ya nyuma ipo ili iufute huo msukosuko, na itaufuta endapo uma za ncha mbili za propela zimepangwa mkao mmoja, na pembe ya nyuma inalingana na ya mbele. Pembe zinalingana pale mstari wa giaboksi na mstari wa pinioni unapokuwa sambamba. Sambamba ukitazama ubavuni, na sambamba ukitazama kutoka juu. Hili la pili ndilo linalonichosha. Watu wanalala chini ya gari na kipimapembe, wanapima ubavuni tu, wanaamka wakitangaza digrii 3 mbele na 3 nyuma, safi. Kutoka juu je? Hakuna aliyeangalia, kwa sababu "difu iko katikati."

Tufanye hesabu. Propela ya milimita 1,250, pinioni imehama milimita 25 kutoka mstari wa giaboksi. Hiyo ni pembe ya digrii 1.1 hivi ukitazama kutoka juu. Kama ubavuni una digrii 2, krosi haizijumlishi zikawa 3.1. Inaziona kama pande mbili za pembetatu mraba, na pembe halisi ni digrii 2.3. Basi. Usogevu wa inchi nzima umekuongezea sehemu tatu za kumi za digrii, nyuma sawa na mbele, na zote zinafutana. Hata milimita 50 utaishi nazo, mradi ubavuni hujafanya vituko. Mimi sipendi kuvuka digrii 3 kwa gari la mwendo kasi. Na wala usilenge sifuri, kwa sababu roli za beringi ndani ya krosi zisipocheza kidogo zinachimba vishimo pale pale zilipo.

Tena magari mengi ya zamani ya Marekani injini yenyewe haiko katikati. Imesogezwa upande wa abiria, mara nyingi karibu inchi 1, ili kuipisha safu ya usukani. Kwa hiyo wewe uliyehangaika kuiweka pinioni katikati ya bodi umeitenganisha na injini, halafu unajisifu. Sikulaumu kwa matokeo, maana nimeshasema haidhuru. Nakulaumu kwa kuniambia kwamba mimi niliyeacha difu pembeni nimeharibu kazi.

Kinachodhuru ni mshazari. Mtu ametengeneza mauntini mpya za injini, yaani vishikio vyake, kwa kukadiria, mkia wa giaboksi ukaelekea kushoto digrii 1 au 2. Au ekseli imekaa kombo juu ya springi. Hapo pinioni inaweza kuwa katikati hasa, na propela bado ikatetema, kwa sababu pembe ya mbele na ya nyuma hazifanani tena.

Mimi hupima kwa timazi. Moja inashuka kutoka katikati ya puli ya injini, nyingine kutoka mkia wa giaboksi, nachora mstari sakafuni. Usipime kwenye mkia peke yake. Ukiwa na milimita 150 tu za kupimia, kosa la milimita 1 ni karibu digrii 0.4. Upande wa difu ni mgumu zaidi, kwa sababu uso wa flenji ya pinioni, pale inapofungwa propela, ni mdogo mno. Kwa hiyo natumia paipu za ekseli, nikiamini pinioni iko pembe mraba nazo. Nikiamini, nasema. Kama uchomeleaji umezipinda, kipimo changu chote kimepinda nazo.

Na uchomeleaji hupinda. Kila mstari wa weldi ukipoa unavuta paipu upande wake. Vikalio vya springi vikichomelewa vyote upande mmoja wa paipu, ekseli inakunjika kama upinde. Kwa hiyo vikalio na mabano yote kwanza, na ncha za hausingi zenye viti vya beringi mwisho kabisa, fimbo ya kunyooshea ikiwa imepita kwenye viti vya beringi za difu hadi ncha zote mbili. Chomelea vipande vifupi, zunguka, acha ipoe. Anayeniambia alinyoosha kwa rula ndefu juu ya paipu ananipa usingizi mbaya.

Lakini nisijifanye. Fimbo yangu ni ya chuma, unene milimita 38. Nikiiegemeza kwenye ncha mbili tu, umbali wa mita 1.4, inalegea katikati kwa uzito wake wenyewe karibu milimita 0.2. Ikishikwa na viti vya difu inalegea kidogo kuliko hapo, lakini hainyooki kabisa. Tena nikiichomoa baada ya hausingi kupoa, mara nyingine inatoka kwa mkono, mara nyingine naigonga kwa nyundo. Ile ya nyundo inaniambia kitu fulani kimevuta. Hausingi naipasha joto upande wa pili, napima tena, naridhika. Miaka miwili baadaye, baada ya joto na mashimo ya barabara, bado iko vile nilivyoiacha? Sijawahi kuirudisha hata moja kwenye fimbo kuhakikisha. Tairi hazijalika kingo, oili sili hazijavuja, nimeishia hapo.

Mengine nayapitia haraka. Upana wa ekseli unapimwa kutoka uso mmoja unaofungwa rimu hadi uso wa pili, siyo kutoka ncha ya hausingi. Kati ya uso huo na ncha ya hausingi kuna nafasi ya breki, na kwa Ford ya inchi 9 mara nyingi ni karibu inchi 2 na nusu kila upande. Nilishaletewa hausingi iliyokatwa na mtu aliyesahau hilo, ekseli ikatoka pana kwa inchi 5, akadhani madigadi ya gari lake yamesinyaa. Nunua rimu na tairi kwanza, zijaze upepo, zisimamishe ndani ya madigadi, acha angalau milimita 25 kati ya tairi na springi, ndipo upime.

Shafti haichomelewi. Haikatwi katikati ikaunganishwa, hata na fundi unayemwamini kuliko wote. Kukereza meno mapya kwenye shafti ya zamani kunawezekana kwa baadhi tu, kwa sababu nyingine zinakonda nyuma ya meno, na ukikata hapo unabaki na chuma chembamba ambacho hakitoshi meno.

Yule wa nne nimemwambia aweke timazi mbili, puli na mkia wa giaboksi, apige picha ya mstari sakafuni. Jana jioni picha imekuja. Mkia umekwenda kulia milimita 30. Mauntini alizitengeneza mwenyewe.