Foleni kwenye sheli za Kusini: mafuta ya dharura yanavyohesabiwa

Kila uvumi wa uhaba wa mafuta unapoanza kusambaa Mtwara, Lindi, Masasi au Nachingwea, malalamiko yanayotufikia ni yale yale: sheli imefunga pampu, bei imepanda usiku, mhudumu amekataa kujaza dumu. Hayo mawili ya kwanza tunayafuatilia. La tatu si kosa la mhudumu. Anatimiza masharti ya leseni ya mwajiri wake, kwa sababu za usalama tunazoeleza mwishoni, na kumtukana hakubadilishi kitu.

Petroli, dizeli na mafuta ya taa tunayotumia nchini huagizwa kutoka nje kupitia Mfumo wa Uagizaji wa Mafuta kwa Pamoja, unaosimamiwa na PBPA, wakala wa serikali wa uagizaji huo. Meli hushusha katika bandari tatu: Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. Mzigo wa Mtwara ndio unaolisha Mtwara, Lindi na Ruvuma. Meli ikishafika, sampuli huchukuliwa na kupimwa ubora, kiasi hupimwa melini na tena kwenye matenki ya ghala, taratibu za forodha hukamilishwa, kisha mafuta huwekwa vinasaba, yaani kemikali ya kuyatambulisha, kabla ya lori kutoka getini. Sampuli ikitia shaka, kazi inasimama. Kwa hiyo kuiona meli baharini huku sheli zimekauka si ushahidi kwamba kuna mtu anaficha mafuta.

Meli ikichelewa, Kusini hulishwa kwa malori kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 550, na gharama ya safari hiyo huingia kwenye bei kikomo, yaani bei ya juu kabisa ambayo sheli inaruhusiwa kuuza. Njia hii nayo ina udhaifu wake. Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, barabara kuu ilikatika Somanga na sehemu nyingine za Kilwa, magari yakakwama pande zote mbili. Ndiyo maana mpango wa dharura wa mikoa hii hauwezi kuegemea bandari peke yake wala barabara ya pwani peke yake. Njia ya bara kupitia Songea lazima iwemo kwenye hesabu tangu mwanzo.

Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 imeweka msingi wa hifadhi ya kimkakati ya taifa. Hata hivyo, mkisikia kwamba nchi ina mafuta ya siku kadhaa, kumbukeni idadi hiyo hujumlisha maghala yote, na mara nyingi hata meli zinazosubiri kushusha. Haina maana kwamba sheli ya Ruangwa ina siku hizo hizo.

Tuchukue kituo chenye lita 18,000 za petroli kinachouza lita 3,000 kwa siku. Kina siku sita, na lori linatarajiwa siku ya tano. Uvumi ukisambaa, kila bodaboda anayeweka ya shilingi elfu tano anajaza tenki, na mwenye gari anakuja na madumu mawili. Mauzo yakifika lita 9,000, kituo kinakauka siku ya pili, na lori bado halijapakia. Meli haikupungua hata lita moja. Wanaoumia kwanza ni gari la wagonjwa, jenereta ya kituo cha afya inayolinda friji ya chanjo, na pampu za maji. Hao ndio wa kuwekewa akiba kabla ya mtu mwingine yeyote, na meneja wa kituo anayeombwa na uongozi wa wilaya atenge lita kwa ajili yao hafichi mafuta.

Kuficha ni jambo jingine, na lina kalenda yake. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo mpya, inayoanza kutumika Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Bei ikitarajiwa kupanda, wapo wanaozima pampu Jumatatu na Jumanne ili wauze Jumatano kwa faida zaidi. Ikitarajiwa kushuka, wengine huacha kuagiza wakiogopa kubaki na mzigo wa bei ya juu, na tenki linakauka kweli. Kwa mwananchi hali hizi mbili zinafanana. Mkaguzi hatazami foleni. Huzamisha kijiti cha kupimia kwenye kila tenki, husoma mita ya jumla ya kila pampu, kisha hulinganisha na hati za lori na mauzo ya EFD, mashine ya risiti za kodi. Mafuta yaliyo chini ya mdomo wa bomba la kuvutia ndani ya tenki hayahesabiki kuwa yamefichwa, kwa sababu ukiyavuta unavuta maji na mchanga. Hesabu ikionyesha mafuta yalikuwepo na hayakuuzwa, mmiliki huandikiwa barua ya kujieleza, husikilizwa, kisha huamuliwa faini au kusimamishwa kwa leseni. Mwaka 2023 vipo vituo vilivyofungiwa miezi sita. Asiyeridhika hukata rufaa Baraza la Ushindani.

Ukilalamika, taja jina la kituo na mahali kilipo, tarehe, saa, aina ya mafuta na namba ya pampu. Ambatanisha risiti ya EFD na picha ya bango la bei, kisha piga namba ya bure ya EWURA, 0800110030. Ujumbe wa "sheli ya pale kona wamegoma" hauna mahali pa kuanzia.

Kuna hoja nyingine tunaijibu kila mara na inachosha: "Gesi ni ya kwetu, mafuta yatatuishiaje?" Gesi ya Mnazi Bay na Songo Songo karibu yote ni methani. Inazalisha umeme, inaendesha viwanda, inapikia kwenye nyumba zilizounganishwa na bomba. Haigeuki petroli kwenye tenki la pikipiki. Hata gesi ya mtungi si hiyo; ni propani na butani, nayo inakuja kwa meli.

Sasa dumu, maana msimu wa kupulizia mikorosho ndipo ugomvi unapozidi. Petroli ikipita kwenye bomba la pampu huzalisha chaji ya umeme. Plastiki haiipeleki ardhini. Chaji hukaa pale, na cheche moja mdomoni mwa dumu inatosha kuwasha mvuke. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni mpaka ukutane na jiko. Lita 20 zilizojazwa hadi mdomoni asubuhi, jua la mchana likizipata, huongezeka karibu robo lita, na zitatafuta pa kutokea.

Tenki la mashine ya kupulizia ni dogo, kwa kawaida halifiki lita tatu. Peleka mashine yenyewe kituoni, imezimwa na imepoa, iwekwe chini na si juu ya pikipiki. Wenye mashamba makubwa wapange na AMCOS (chama chao cha msingi cha ushirika) na mwenye kituo mapema, kabla ya Juni, jinsi ya kufikishiwa mafuta kwenye vyombo vya chuma vinavyokubalika. Tena petroli iliyokwisha kuchanganywa na oili haifai kuwekwa kwa miezi: huchacha, huacha utando kwenye kabureta, na mashine inagoma siku sulphur, dawa ya kupulizia mikorosho, iko tayari.