Eti huruma ya daktari ni ya kuzaliwa nayo?

Utasikia: daktari mwenye utu kazaliwa hivyo, huruma haifundishwi darasani. Si kweli. Huruma hapa si machozi, ni kumwelewa mgonjwa na kumwonyesha kwamba umemwelewa.

Katika utafiti uliochapishwa 2012, huko Boston, Marekani, daktari wa akili Helen Riess na wenzake waliwagawa kwa bahati nasibu madaktari 99 waliokuwa bado mafunzoni. Kundi moja likapata vipindi vitatu vya saa moja moja, ikiwemo kusoma hisia usoni mwa mgonjwa. Vitatu tu! Wagonjwa wakawaona hao wameimarika kuliko wenzao.

Tena huruma hupungua. Utafiti wa 2009 katika chuo cha udaktari cha Jefferson, Philadelphia, uliikuta ikishuka mwaka wa tatu, mwanafunzi anapoingia wodini.