Kabla ya Kilimanjaro, anzia Lushoto

Mtu akinipigia simu kwamba anataka Kilimanjaro na hajawahi kupanda hata kilima, namwambia aende Lushoto kwanza. Ndiyo, riziki yangu ni kupandisha watu milimani, lakini simdanganyi mtu.

Shuka basi Mombo. Hapo ni joto, vumbi na mibuyu. Ingia hiace ya Lushoto, na baada ya kilomita 30 na ushei za kona utakuwa unatafuta sweta. Kesho yake, asubuhi na mapema, tembea hadi Irente. Unasimama kwenye ukingo wa mwamba, nyuma yako mashamba ya mboga yamelowa umande. Chini kabisa tambarare imekauka, mistari ya mkonge imenyooka kama nywele zilizochanwa. Wageni huniuliza inakuwaje. Upepo wa Bahari ya Hindi hufika umebeba unyevu, milima hii ya Usambara inauzuia, upepo unapanda, unapoa, mvua inamwagika huku juu. Ukishavuka upande wa pili haujabakiwa na kitu. Sogelea ukingo taratibu. Mwamba ukiwa na ukungu huteleza.

Ukitaka msitu wenyewe, nenda Udzungwa. Ndani ya hifadhi hakuna barabara ya gari, ni miguu tu. Maporomoko ya Sanje yanaanguka mita 170 kwa ngazi, na chini kuna bwawa la kuogelea, maji baridi ya kukufanya upige kelele. Chomeka suruali ndani ya soksi, siafu hawana mgeni.

Kitulo, hifadhi ya nyanda za juu kusini, ni habari nyingine. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu, na kati ya Desemba na Aprili utaelewa, maua yametapakaa nyika nzima. Tatizo mvua ni ya msimu huohuo, na kupanda kona 57 za kutoka Chimala kwenye matope kunataka dereva mwenye moyo.

Ol Doinyo Lengai, ule mlima wa volkano, usiniombe safari ya kwanza. Tunaanza usiku wa manane kwa sababu hakuna kivuli hata cha kuku, na majivu yanakurudisha nyuma kila hatua. Lava yake hutoka nyeusi, ikikutana na unyevu inageuka nyeupe. Watu huiona kwa mbali wakadhani theluji.

Na viatu vipya, jamani, vivae wiki mbili mtaani kwanza.